Je, Wamjua Mdogo Wako?

Katika kazi yetu ya kuandika habari za jeshi, mara nyingi hutupasa kuketi na askari na kujaza karatasi za taarifa zake. Askari huulizwa namba yake, naye huitaja bila kuvuta pumzi. Huulizwa kikosi chake, silaha yake, tarehe aliyoapishwa na majina ya makamanda wake tangu alipokuwa kuruta, na yote hayo humtoka kinywani kama maji ya mfereji. Kisha tunafika kwenye mstari unaouliza habari za ndugu zake wa karibu. Hapo kalamu husimama.

"Mdogo wako ana umri gani?"

"Labda kumi na mitano, afande."

"Yuko darasa la ngapi?"

Askari hutazama dari.

"Hupenda kufanya nini?"

Hapo hucheka kwa haya, akajibu: "Afande, mimi namtumia karo tu."

Hatuandiki haya kwa kumcheka mtu. Siku tulipojaza karatasi yetu wenyewe, kalamu ilisimama mahali pale pale.

Wahenga walisema kwamba damu ni nzito kuliko maji, nasi tumezoea kuitumia methali hiyo kana kwamba damu peke yake yatosha kumjulisha mtu kwa nduguye. Haitoshi. Anayeingia jeshini au polisi akiwa na miaka 20 humwacha nyumbani mtoto anayeng'oka meno ya utotoni. Hurejea likizo baada ya miezi mingi, akakaa siku chache, akaondoka. Mtoto yule hukua katikati ya likizo hizo, mahali ambapo hatupo. Nasi huendelea kumpenda mtoto tuliyemwacha, na yule aliyepo hatumjui.

Kuondoka na kurudi

Baba yetu alikuwa askari wa polisi. Alipostaafu alijenga katika mji mdogo ulio kando ya barabara kuu iendayo Gulu, mahali ambapo watu wa makabila mengi huelewana kwa Kiswahili. Tulipoondoka kwenda Kabamba kwa mafunzo ya uofisa, mdogo wetu wa mwisho alikuwa na umri wa miaka 7. Asubuhi ile alikuwa uwanjani akikimbiza mpira wa majani ya migomba. Picha hiyo tuliibeba moyoni miaka mingi. Baba alipofariki, mzigo wa kijana huyo ukatuangukia sisi, nasi tukaubeba kama tulivyofundishwa kubeba kila mzigo: kwa nidhamu, kwa wakati, na bila maswali mengi.

Machi 2020 shule zote za Uganda zilifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Baadhi ya madarasa yaliitwa kwa zamu, kisha yakafungwa tena, na shule hazikufunguliwa kikamilifu hadi tarehe 10 Januari 2022. Ilikuwa karibu miaka miwili, muda mrefu kuliko ule wa nchi nyingi ulimwenguni. Masomo yalitangazwa kwa redio na kuchapishwa magazetini. Mdogo wetu alikuwa kidato cha pili.

Mwaka 2021 sisi tulikwenda Somalia, katika kazi ambayo majeshi yetu yaliianza Mogadishu Machi 2007. Kila Jumapili jioni, mtandao ulipokubali, tulipiga simu nyumbani. Maswali yetu kwa kijana yalikuwa matatu. Unasoma? Unamtii mama? Mmekula? Majibu yake yalikuwa ya namna moja: "Ndiyo, kaka." Tuliyapokea kama ofisa mvivu apokeavyo ripoti kwamba hali ni shwari, pasipo kuinuka kwenda kukagua. Shule zilipofunguliwa, tulituma karo kwa simu siku ile ile, tukajisifu mioyoni kwamba wajibu umetimizwa.

Katikati ya mwaka 2022 tulirudi. Tulimnunulia viatu vya mpira, vizuri, vyenye meno ya chuma. Kijana alivipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaketi kuvijaribu. Mguu haukuingia. Alikuwa amekwisha kutupita kwa kimo, nasi tulikuwa tumepima mguu wake kwa kumbukumbu. Akaviweka kando kwa adabu, akasema, "Havidhuru, kaka. Hata hivyo nimeacha mpira tangu darasa la saba."

Jioni tuliagiza alete madaftari ya shule tuyaone. Akanyamaza. Mama akanyamaza. Hatimaye mama ndiye aliyesema kwamba kijana alikwenda shule juma moja tu la Januari, na tangu hapo hakurudi. Karo ya muhula wa kwanza alinunulia vifaa vya kutengenezea redio.

Hasira iliyotupanda hatuna haja ya kuieleza, kwa maana kila mwenye cheo aijua. Tulisimama katikati ya sebule ya mama yetu tukatoa amri kama katika uwanja wa gwaride: meza ifungwe, vifaa viuzwe, na Jumatatu saa moja asubuhi awe kwenye lango la shule. Kijana alisimama wima, mikono ubavuni.

"Ndiyo, afande," akajibu.

Hakusema "kaka". Neno hilo moja lilitunyima usingizi usiku ule.

Yale ayapendayo

Asubuhi tuliamka saa kumi na moja, kama ilivyo desturi yetu. Mdogo wetu aliamka saa mbili. Tukaandika kosa la pili katika daftari la moyo: uvivu. Saa tatu alitoka bila kusema neno, nasi tukamfuata kwa mbali.

Meza yake ilikuwa katika baraza ya duka, chini ya bati lililotoboka. Juu yake kulikuwa na redio zilizofunguliwa matumbo, taa za sola, simu kuukuu, mita ya kupimia umeme na chuma cha kulehemu. Tulitarajia kukuta genge la vijana wacheza kamari. Tulikuta kikongwe mmoja aliyeshika redio iliyofungwa kwa mpira, akisubiri zamu yake. Kijana alipotuona aliinuka kutoka kwenye kigoda akatupisha tukae. Tulikaa. Kwa kuwa kazi ile hatuijui, hatukuwa na amri ya kutoa, na huo ukawa mwanzo wa kheri.

Tulimtazama akigusa waya mmoja mmoja kwa subira ambayo hatukujua kwamba anayo. Kikongwe alipotaka kulipa zaidi ya bei, alikataa. Kila kazi aliiandika: tarehe, jina la mwenye chombo, ubovu uliopatikana, kifaa kilichobadilishwa na bei. Aliandika katika madaftari ya shule, yale yale tuliyoyadai jana yake. Mbele yalikuwa na masomo ya mwaka 2020, na nyuma kazi za meza, kwa mwandiko mzuri kuliko wetu.

Karibu na adhuhuri akasema ghafla, "Kaka, risasi imeniishia."

Mtu aliyetoka Somalia juma lile hawezi kusikia maneno hayo akabaki ametulia. Tuliinuka nusu. Kijana akatutazama, akafahamu, akaonyesha kipande cha mwisho cha waya wa kulehemia. Kisha akacheka, nasi tukacheka, na kikongwe akacheka pasipo kujua kinachochekwa. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kucheka pamoja tangu tuliporudi. Tukaenda naye dukani kununua risasi hiyo, na njiani alituambia mambo mengi kuliko aliyotuambia katika simu za mwaka mzima.

Alisema kwamba shule zilipofungwa, redio ya nyumbani ilikuwa mbovu, naye alitaka kuyasikiliza masomo. Akaifungua. Ikamchukua siku nne. Ilipotoa sauti, majirani wakamletea za kwao. Alisema pia kwamba juma lile la Januari alikaa darasani akiona aibu, kwa kuwa mengi yalikuwa yamemtoka kichwani, na hakuwa na mtu wa kumweleza.

"Lakini tulikuuliza kila Jumapili," tukamwambia, "nawe ukajibu kwamba unasoma."

"Kaka, uliuliza kama nasoma," akajibu kwa upole. "Nilikuwa nasoma. Nina kitabu cha fizikia, nimekisoma mara tatu. Hukuuliza kama nakwenda shule."

Yawezekana kujibu kwamba huo ni ujanja wa mtoto. Ni ujanja, na tulimwambia hivyo. Lakini ofisa anayeuliza maswali yanayojibika kwa "ndiyo" asilalamike apatapo "ndiyo". Karo ya muhula wa pili hakuigusa. Alimkabidhi mama, ikafungwa kitambaani, ikitungoja.

Mazoea yake

Lilibaki kosa la uvivu. Tulimwuliza mama kwa nini kijana mzima hulala hadi jua limepanda. Mama alitutazama kwa muda kabla ya kujibu.

"Yeye hulala saa saba usiku," akasema. "Muda wote ulipokuwa kule, nilikuwa sipati usingizi kabla ya kusikia habari za usiku. Mimi macho hayaoni vizuri kutafuta stesheni. Yeye ndiye alinitafutia, tukakaa hapa wawili, stesheni moja hadi nyingine, hadi tuhakikishe kwamba Somalia kumekucha salama. Sasa umerudi, lakini usingizi wake haujarudi."

Akatukumbusha tarehe 3 Mei 2022, kambi ya wenzetu wa Burundi iliposhambuliwa huko El Baraf. Habari za kwanza hazikuwa wazi. Mama alishika tasbihi, na kijana alishika redio hadi asubuhi. Jumapili iliyofuata tulipiga simu tukauliza maswali yetu matatu, akajibu "Ndiyo, kaka", tukakata.

Basi huyo ndiye mvivu tuliyemwandika. Ndugu askari, mazoea ya mtu ni kama nyayo njiani. Asiyejua kuzisoma atasema mtu amepita tu. Ajuaye atasema amepita na mzigo, usiku, akichechemea. Tumefundishwa kusoma nyayo za adui kwa makini makubwa. Nyayo za watoto wa mama yetu huzikanyaga.

Shabaha yake

Siku ya tano, tukiwa tumekwisha kuwa marafiki, tulimtolea shauri tuliloliona la busara. Jeshi lina mafundi wa mawasiliano. Kijana mwenye mikono kama yake angefaa sana. Akimaliza shule, sisi tungemwelekeza namna ya kuomba. Alifikiri, kisha akajibu pasipo hofu.

"Kaka, mama anaweza kumsikiliza askari mmoja kwa redio. Wawili hataweza."

Sisi ambao kazi yetu ni kuwaeleza vijana sifa za jeshi hatukupata jibu. Wala hatukuona kwamba jeshi limedharauliwa. Mpiganaji hukaa imara mstari wa mbele kwa kuwa nyuma yake yupo anayekaa na mama. Hilo nalo ni lindo, ingawa halina gwaride.

Tukamwuliza basi shabaha yake ni ipi. Alisema anajua kubadilisha kifaa kilichoungua, lakini hajui kwa nini kimeungua. Na fundi asiyejua kwa nini atabaki mbahatishaji maisha yake yote. Alitaka chuo cha ufundi akajifunze umeme tangu msingi wake. Tukashangaa. Sisi tuliamuru arudi masomoni, naye alitamani kurudi masomoni. Ila mlango aliouona yeye si ule tuliomsukumia sisi. Laiti meza ile ingefungwa Jumatatu kama tulivyoamuru, tungalikuwa tumeivunja njia yenyewe kwa kutaka kumtia njiani.

Mwaka 2023 aliingia chuo. Karo tuligawana: nusu sisi, nusu yeye kutoka mezani kwake, kwa matakwa yake mwenyewe. Mitihani mingine alifaulu, mmoja aliurudia. Tulibishana naye kwa hilo, na tutabishana kwa mengine. Lakini hubishana na kaka yake, afande hayumo.

Mifano tuliyo nayo

Nchi yetu ina mifano ya vijana walioonekana kwa sababu mtu aliyatazama wanayoyapenda. Phiona Mutesi wa Katwe alikuwa na umri wa miaka 9 hivi, mwaka 2005, alipomfuata kaka yake hadi mahali ambapo Robert Katende alikuwa akiwafundisha watoto sataranji na kuwapa uji. Kaka alikuwa na pake pa kwenda, mdogo akafuata nyayo, na katika uwanja huo dada mdogo akawa ndiye anayetajwa ulimwenguni. Mwaka 2010 aliiwakilisha Uganda katika Olimpiadi ya sataranji nchini Urusi. Na tukumbuke hapa dada zetu wadogo, ambao aghalabu huwajua kwa chai wanayotuletea na hatuwaulizi lolote wakishaiweka mezani.

Mwenzetu Joshua Cheptegei wa Jeshi la Polisi alicheza kandanda utotoni, akaruka chini na kuruka hatua tatu, kabla ya mbio kuwa njia yake. Mwaka 2024 alichukua medali ya dhahabu ya mita 10,000 mjini Paris. Kama angelazimishwa kubaki katika pendo la kwanza, kwa kuwa ndilo wakubwa wake walilolikumbuka, nani angelimwona akikimbia? Mtoto hubadilika. Viatu vya mwaka jana si kipimo cha mguu wa mwaka huu.

Lifanyikalo likizoni

Hatudai kwamba tumekuwa walimu wa malezi. Twasema tu yale ambayo kosa letu limetufundisha.

Kwanza, ufikapo nyumbani, usianze kwa ukaguzi. Umetoka mahali ambapo kila jambo lina mkaguzi. Yeye hajatoka huko. Mfuate pale afanyapo alipendalo, ukae kwenye kigoda, unyamaze. Kama ni kandanda, simama kando ya uwanja. Kama ni ususi, shika nywele. Mtu hufunguka mikono yake ikiwa kazini.

Pili, uliza maswali yasiyojibika kwa neno moja. Badala ya "Unasoma?", uliza, "Juma hili umejifunza nini ambacho mimi sikijui?" Badala ya "Hujambo?", uliza, "Jana jioni ulikuwa na nani, na mlizungumza nini?" Kisha ungoje jibu, hata kama simu inakula fedha.

Tatu, uyaonapo mazoea yasiyokupendeza, tafuta sababu kabla ya adhabu. Yawezekana ni uvivu kweli, au pombe, au rafiki mbaya, na hapo kaka na dada mkubwa wana haki ya kusema kwa ukali. Lakini ukali usemwe baada ya kujua. Waulize mama, jirani na mwalimu, kwa maana wao wamekuwapo.

Nne, usimtwike shabaha yako. Wako wanaotaka wadogo zao wavae sare kwa sababu wao wanaipenda, na wako wanaowakataza kwa sababu wao wameichoka. Wote wawili wanajisemea wenyewe. Mpe habari za kweli za kazi yako, ya tamu na ya chungu, kisha umwache apige shabaha yake kwa jicho lake.

Na wenzetu wa polisi wasidhani kwamba haya ni ya waendao mbali tu. Koplo mmoja alituambia kwamba mdogo wake alilala nyuma ya pazia katika unipoti yake miaka miwili, na kwa sababu ya zamu za usiku walionana wakipishana mlangoni. Bati moja liliwafunika, na bado hawakujuana. Hata saa moja ya kula pamoja kwa juma, iliyowekwa na kuheshimiwa kama zamu ya lindo, yaweza kuyaponya hayo.

Fedha tunazotuma nyumbani ni za heshima. Zimepatikana kwa jasho na kwa hatari, na asiwepo wa kuzidharau. Lakini fedha hufika nyumbani zikiwa bubu. Haziulizi, wala haziwezi kurudi kutuambia zimemkuta nani. Kazi hiyo ni yetu.

Viatu vile vya mpira vimo hadi leo kwenye meza ya barazani, vimetundikwa kwenye msumari. Kijana husema ni ukumbusho wa siku aliyopatana na kaka yake. Na mwaka jana, tulipojaza tena karatasi ya taarifa zetu, tulifika kwenye mstari ule tukaandika umri, chuo, kazi na alipendalo, hata nafasi ikawa ndogo.

Ndugu askari, ndugu polisi, Jumapili hii utapiga simu nyumbani kama kawaida yako. Mdogo wako atajibu, "Ndiyo, kaka," au "Ndiyo, dada." Usikate simu hapo. Hapo ndipo mazungumzo yanapoanza.